Kwa nini kiwanda cha kemikali kijichomee makaa wakati TANESCO ipo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi boila katika kiwanda cha chai huku Mufindi. Kwenye mafunzo tulionyeshwa mtambo wa makaa wa Schkopau, Ujerumani, unaohudumia viwanda vya kemikali vya jirani. Kuna mambo matatu hayajaniingia. Kwanza, kiwanda kinajitwisha mzigo wa makaa wa nini wakati umeme wa gridi upo? Pili, mkufunzi alisema mtambo wa makaa hutupa zaidi ya nusu ya joto lake, kisha akasema wa kiwandani hautupi sana. Inakuwaje? Tatu, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna makaa ya Kiwira na Mchuchuma. Siku tukipata kiwanda kikubwa cha kemikali, tufanye vivyo hivyo?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kiwanda cha kemikali hakijengi mtambo wa makaa kwa kutafuta umeme. Kinatafuta mvuke. Umeme unapatikana njiani, kabla mvuke haujafika unakokwenda. Watu wengi wanaopanga mitambo hii, hata wenye vyeo vikubwa, wanaanza na megawati, ndiyo maana hesabu zao zinawasumbua baadaye.

Umeme unasafiri. Maji yanayoshuka Kihansi yanawasha taa za Mbeya na za Dar es Salaam kwa wakati mmoja, na ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji vilevile. Mvuke hausafiri hivyo. Hata bomba ulivike nini, presha inashuka kwa msuguano, joto linavuja, maji yanajikusanya kwenye sehemu za chini, na kadiri bomba linavyorefuka hasara inakuwa kubwa mno. Anayetumia mvuke mwingi lazima boila iwe ndani ya uzio wake, au kwa jirani wanayeonana uso kwa uso.

Na viwanda vya kemikali vinautumia kwelikweli. Vinatenganisha vimiminika kwa kuvichemsha kwenye minara mirefu, vinakoleza kostiki soda, vinapasha moto matangi ya kuchanganyia, vinakausha unga na chumvi, vinazuia mabomba yenye lami na nta yasigande. Ukisema tuchemshe maji kwa umeme wa gridi, piga hesabu. Tani moja ya mvuke wa presha ya kawaida ya kiwandani inataka karibu kilowati-saa 700. Kiwanda cha wastani kinachotumia tani 50 kwa saa kitahitaji megawati 35 za kuchemshia maji tu, mota hazijawashwa hata moja. Bwawa la Mtera, ambalo sote tunalijua, lina mitambo ya megawati 80. Karibu nusu ya Mtera iende kuchemsha maji ya kiwanda kimoja! Hakuna mhasibu atakayekubali.

Viko viwanda vya kemikali vyenye njaa ya umeme wenyewe. Anayetengeneza klorini kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi anatumia takribani megawati-saa 2.5 kwa kila tani ya klorini. Huyo hesabu yake ni nyingine. Ndiyo sababu ukikutana na mradi wowote, uliza kwanza: tani ngapi za mvuke, kwa presha gani, na megawati ngapi, usiku na mchana? Uwiano wa hivyo viwili ndio unaochagua mashine.

Sasa jambo la pili, la joto linalotupwa. Kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunataka kilojuli 335 hivi. Kuyageuza maji hayohayo kuwa mvuke, bila kupanda hata nyuzi moja, kunataka kilojuli 2,257. Joto lote hilo linakaa ndani ya mvuke, na halitoki mpaka mvuke urudi kuwa maji. Katika mtambo wa umeme mtupu, mvuke unapita kwenye turbaini, yaani mashine ya mapanga inayozungusha jenereta, mpaka unaishiwa nguvu kabisa, kisha unaingia kwenye kondensa ukiwa na nyuzi kama 40 tu. Hapo ndipo unarudi kuwa maji na kuliachia lile joto kubwa, lakini ni vuguvugu lisilofaa kitu. Linaishia kwenye mnara wa kupoozea au mtoni. Hiyo ndiyo nusu na zaidi aliyoisema mkufunzi wako.

Kwenye mtambo wa kiwandani turbaini inaukatisha mvuke njiani. Chukua mfano huu, nimeuhesabu kwa majedwali ya mvuke. Boila inatoa mvuke wa bar 40 (bar ni kipimo cha presha) na nyuzi 400. Unaingia kwenye turbaini na kutoka kwenye bar 4, bado una nyuzi zaidi ya 170, kisha unakwenda moja kwa moja kiwandani. (Bar zangu nazihesabu kutoka sifuri ya kweli. Gauji yako itasoma pungufu kidogo.) Kila kilo ya mvuke imeiachia turbaini karibu kilojuli 400, na ikifika kiwandani inatoa zaidi ya 2,200 nyingine. Kiwanda chenyewe ndicho kondensa. Kwa makaa yenye joto la 100, boila inayokamata 82, utapata takribani 12 za umeme na 65 za joto linalofanya kazi. Jumla 77. Mtambo mzuri wa umeme mtupu unapata kati ya 35 na 40.

Lakini tazama tena ile 12. Kama mashine ya kuzalisha umeme peke yake, mtambo huu ni dhaifu sana. Uzuri wake wote unategemea kiwanda kulipokea lile joto saa zote. Kiwanda kikisimama na mvuke ukakosa pa kwenda, jenereta nayo inasimama, kwa kuwa turbaini ya aina hii haina kondensa yake. Mtu anayejenga mtambo mkubwa kuliko mvuke unaohitajika, kwa tamaa ya kuuza umeme wa ziada, anajikuta analazimika kuweka kondensa na minara ya kupoozea, na kuanzia hapo amekuwa kampuni ya umeme yenye makaa ya bei ghali. Kuuza ziada ndogo si vibaya. Utaratibu wa EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wa wazalishaji wadogo hadi megawati 10 upo kwa ajili hiyo. Ila iwe ziada kweli.

Kwa kanuni ya vidole: kwa presha hizo, kila tani ya mvuke inayopita inaacha kilowati-saa 100 hivi. Tani 50 kwa saa ni megawati 5. Kiwanda kama hicho kinaweza kujitosheleza kwa umeme bila kununua mwingi.

Huo mtambo wa Schkopau mlioonyeshwa ni wa aina ya tatu, na ndiyo maana umekuchanganya. Uko kusini ya Halle, kwenye eneo la viwanda vilivyoanza kutengeneza mpira wa Buna miaka ya 1930. Uliopo sasa uliwashwa katikati ya miaka ya 1990, una mashine mbili, jumla karibu megawati 900, na unachoma makaa laini ya kahawia kutoka mgodi wa Profen. Unatoa mvuke kwa viwanda vya kemikali, umeme kwa gridi, na pia umeme wa treni, ambao Ujerumani una mapigo yake, 16.7 kwa sekunde badala ya 50 yetu. Turbaini zake zinachomolewa mvuke kiasi katikati, na uliobaki unaendelea hadi kwenye kondensa. Kwa hiyo viwanda vikipunguza matumizi, mvuke unaelekezwa kwenye umeme; vikiongeza, umeme unapungua. Ni mtambo wa taifa wenye mteja wa mvuke mlangoni. Na hata huo umepangiwa kufungwa ifikapo mwisho wa 2034, kwa ratiba ya Ujerumani ya kuachana na makaa.

Kabla sijaja nyumbani, kuna upande ambao mafunzo mengi huupita haraka, nao ndio utakaoishi nao ukiajiriwa sehemu kama hizo: kukatika.

Kiwanda chenu mvuke ukikatika nusu saa, majani yanaharibika, mnapata hasara, basi. Kwenye kemikali, gundi ya plastiki inaganda ndani ya bomba na bomba linakatwa kwa gesi na kutupwa. Mnara wa kutenganishia unapoteza mpangilio wake na kuurudisha ni kazi ya siku nzima au zaidi. Pampu ya maji ya kupoozea ikisimama wakati tangi lina mchanganyiko unaojizalishia joto wenyewe, hapo tunazungumzia maisha ya watu. Kwa sababu hiyo, mtambo wa kiwandani unapangwa kwa kuuliza kipi kianguke kwanza. Turbaini ikianguka, vali ya kupunguza presha inafunguka pembeni yake na mvuke unaendelea kwenda kiwandani, ukinyunyiziwa maji ili kushusha joto. Unapoteza umeme, hupotezi mvuke. Gridi ikiyumba, swichi kuu inakata na mtambo unabaki kisiwa, jenereta ikijishikia mapigo yake 50 bila msaada wa mtu. Na boila haziwi mbili pale zinapotosha mbili. Zinakuwa tatu, ili moja ifunguliwe kwa ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama kazini, bila kuzima kiwanda. Anayekwambia boila ya tatu ni anasa hajawahi kukaa zamu ya usiku mahali kama hapo.

Kuna pia suala la maji yanayorudi. Kwenu yanarudi safi, mnayapokea kama zawadi. Kwenye kemikali, kila bomba la kurudishia maji ni mtuhumiwa. Tobo dogo kuliko ncha ya sindano kwenye kipasha joto linaingiza asidi, sukari au mafuta kwenye maji ya boila. Asidi inakula chuma. Mafuta yanafanya povu, povu linabebwa na mvuke hadi kwenye mapanga ya turbaini. Vipimo vya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme vinawekwa kwenye kila njia ya kurudi, na vali inayoyamwaga yenyewe pale kipimo kinapopanda. Nilifanya kazi mahali ambapo kipimo kilikuwa kinalia mara kwa mara, watu wakachoka na kelele, wakakizungushia njia ya pembeni. Mabomba ya boila yalipofunguliwa yalikuwa na vishimo vilivyopangana kama vimetobolewa kwa keekee. Kwa hiyo hata ukiwa na kipimo kizuri, chota maji kwenye chupa safi, yapoe, yainue kwenye mwanga uone kama yana rangi, kisha tikisa. Povu lisipokatika upesi, mwaga maji ya njia ile kwanza, ulizia baadaye. Lakini jua kwamba chupa haiwezi kuonyesha kila kitu. Asidi inapita bila rangi wala povu, ndiyo maana kipimo hakizimwi.

Sasa swali la tatu. Usifikiri jambo hili ni geni kwetu. Njombe, kampuni ya TANWAT inakamua tanini kutoka kwenye magome ya miwati tangu mwisho wa miaka ya 1940. Tanini ni kemikali ya kutengenezea ngozi, na kuikamua kunataka maji ya moto na mvuke kwa wingi. Wana mtambo wa zaidi kidogo ya megawati 2 unaochoma magogo ya miwati, na wameuza umeme kwa TANESCO. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, huko kwenu Mufindi, nacho kwa tabia zake ni kiwanda cha kemikali: chipsi za mbao zinapikwa kwa kostiki soda na sulfidi, na ile rojo nyeusi inayobaki inachomwa kwenye boila maalumu. Boila hiyo inatoa mvuke na papo hapo inarudisha kemikali zitumike tena. Kwa maoni yangu hakuna boila inayotaka heshima kama ile, kwa sababu maji yakivuja juu ya ule uji wa chumvi ulioyeyuka, unalipuka. Na kuhusu makaa, mgodi wa Kiwira kule Ileje ulijengewa mtambo wake wa megawati 6 tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa China.

Mchuchuma ni habari nyingine. Makaa yale ya Ludewa yamefungamanishwa na chuma cha Liganga, na mpango uliosainiwa 2011 ulikuwa na mtambo wa megawati 600. Huo ni wa umeme, hautengenezi mvuke wa kemikali.

Chukulia basi kiwanda cha tani 50 za mvuke kwa saa, kikiwekwa mahali kama Songwe au Uyole. Tuseme makaa yana megajuli 24 kwa kilo. Kila tani ya mvuke itakula kilo 140 hivi za makaa, yaani tani 7 kwa saa, tani 170 kwa siku. Ni malori makubwa sita kila siku ya Mungu, sikukuu na Jumapili. Yakiwa na jivu asilimia 20, unatoa tani 34 za jivu kila siku, na kwa mwaka moshi unabeba zaidi ya tani laki moja za hewa ya ukaa. Tuseme haya waziwazi kabla hatujashangilia ajira.

Mambo mawili ya kwetu hayapo kwenye vitabu vya watengenezaji. La kwanza ni mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Feni iliyochaguliwa kwa ajili ya Tanga, huku haitaleta oksijeni ya kutosha kuunguza makaa yaleyale. Utaona moshi mweusi, makaa yasiyoiva kwenye jivu, na boila isiyofika kiwango kilichoandikwa kwenye kibao chake. Pampu ya kulisha maji nayo inaanza kukwaruza mapema, kwa sababu maji ya moto yanachemka yakiwa bado kwenye bomba la kuvutia. Tangi la maji ya kulisha linainuliwa juu zaidi, na feni inachaguliwa kwa hewa ya hapa. Ukiona michoro haina mwinuko wa mahali umeandikwa, irudishe.

La pili ni mvua. Makaa yanayopanda kutoka kusini yanapita Tukuyu, na unazijua mvua za Rungwe. Makaa yakilowa yananata kwenye mapipa ya kulishia, mlinzi wa moto anagonga kwa nyundo usiku kucha, na sehemu ya joto unayolipia inakwenda kukausha maji. Ghala lenye paa ni la lazima. Halafu lundo likikaa muda mrefu linajipasha lenyewe kwa ndani mpaka liwake. Wazee wa kazi wanachomeka nondo ndefu katikati ya lundo, wanaiacha, kisha wanaichomoa na kuisogezea kiganja taratibu kabla ya kuigusa. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, sehemu ile inachimbuliwa, inatandazwa na kuchomwa kwanza. Hawamwagii maji juu, kwa sababu yanapita pembeni na kufungua njia ya hewa.

Jivu linaweza kupata soko kwa watu wa saruji, na Mbeya tunao, ila mpaka wapime na kulikubali. Liko swali la salfa pia. Boila zinazochoma makaa yakielea juu ya mchanga wa moto, kwenye nyuzi 850 hivi, zinaweza kuchanganyiwa chokaa ndani ya moto ikaikamata salfa humohumo. Chokaa tunayo Songwe. Kama ningeulizwa, nisingekubali boila ya aina nyingine kwa mtambo mpya ulio karibu na mashamba ya watu, pamoja na mifuko ya kuchujia jivu kabla ya dohani. Tathmini ya athari kwa mazingira inatakiwa na sheria ya 2004, na wananchi wana haki ya kuiona.

Lakini jibu langu kwako ni kwamba viwanda vyetu vingi vya kemikali, vya sasa na vinavyoweza kuja karibuni, ni vya mvuke mdogo. Pareto ya Mafinga, tanini, mafuta ya mimea, sabuni: vyote vinaridhika na presha ndogo na tani chache kwa saa. Kwa hivyo makaa ni mzigo usio na sababu. Msitu wa Sao Hill na mashine za mbao zilizouzunguka zinaacha mabanzi na vumbi la mbao, na mengi yanachomwa bure kando ya barabara. Mabanzi hayo yana jivu dogo, salfa karibu hakuna, na fundi wa huku anayajua tangu utoto. Makaa yanaanza kueleweka pale tu unapofika makumi ya tani za mvuke kwa saa, usiku na mchana, mwaka mzima, na mgodi uko karibu. Chini ya hapo mimi ningesema hapana, hata kama makaa yangetolewa bure mgodini, kwa sababu lori, ghala, jivu na vichujio havitolewi bure.

Anza na kiwanda chenu. Soma mita ya maji ya kulisha boila kila saa kwa wiki nzima, toa maji mnayomwaga ya kusafishia boila, na utajua tani za mvuke. Andika kiwango cha juu, cha chini na cha kati, pamoja na presha inayohitajika kwenye vikaushio. Presha ya boila ikiwa juu sana kuliko ile mnayotumia, tofauti hiyo leo inapotea bure kwenye vali ya kupunguzia. Niletee namba hizo, tuhesabu pamoja kama turbaini ndogo ya kuni inawalipa.